Pile iliyokufa bado iko na nguvu: ile fundi anaweza kukamua, na ile hakuna mtu anaweza

Katika nyumba nyingi za Bunia, pile inatupwa siku ile radio inaanza kukwama-kwama. Mbele ya kuitupa, watu wanaijaribu kwanza: wanaianika juani, wengine wanaiuma kwa meno ao kuipiga-piga na jiwe. Radio inasema tena nusu saa, kisha inanyamaza. Hapo pile inaenda kwenye shimo la takataka pamoja na maganda ya ndizi.

Lakini fundi mwenye mita ya kupima volti akiigusa ile pile, mara nyingi mita inaonyesha bado volti 1 ao 1,1. Siku ilitoka dukani ilikuwa na volti 1,5. Basi haijakufa. Imeshindwa tu na kazi ya radio, sababu radio inaomba volti nyingi kuliko zile zimebaki. Nguvu iliyo ndani ni ndogo, lakini iko, na kuko njia ya kuitoa kwa vipande vinne ao vitano vya elektroniki, vile ambavyo mafundi wa radio na telefone wanatupa kila wiki.

Jambo hili si mchezo wa wanafunzi peke yao. Kwa Congo nzima, karibu mtu 1 kwa 5 ndiye anapata umeme nyumbani. Bunia haiko mbali na mtambo wa maji wa Budana, kwenye mto Shari, uliojengwa wakati wa ukoloni juu ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Hata hivyo, nyumba nyingi za kata za pembeni hazina waya, na kwenye kambi za waliohama makwao, kama ile ya Kigonze, watu wanalala chini ya turubai. Ndani ya turubai, buji moja ikianguka inatosha kuchoma mstari mzima. Taa ndogo isiyo na moto, hata kama mwanga wake ni hafifu, ni jambo la usalama kwanza. Sayansi inafuata nyuma.

Pile inachoka namna gani

Pile za bei ndogo zinazouzwa hapa, zile za Tiger Head na wenzake, zimetengenezwa na sinki na unga mweusi wa manganezi. Kikopo chenyewe cha pile ndicho sinki. Wakati pile inafanya kazi, ile sinki inaliwa polepole, na kule kuliwa ndiko kunatoa umeme.

Ukiianika juani, joto linafanya kazi ya ndani iende mbio kidogo. Tena pile ikipumzika, volti zinapanda kidogo zenyewe. Ndiyo maana watu wanaona kama jua limeichaji. Hapana. Jua haliingizi nguvu mpya katika pile ya namna ile. Linasaidia tu kutoa ile iliyobaki. Na kuiuma ni vibaya kabisa: kikopo kimeshakuwa chembamba, kinatoboka, na maji yake yanachoma kinywa.

Sasa tuone upande wa taa. Ledi nyeupe, ile ndogo ya kwenye toshi, inahitaji karibu volti 3 kusudi iwake vizuri. Pile moja yenye volti 1 haiwezi kuiwasha, hata ukingoja mpaka asubuhi. Nguvu haikosekani, shida ni kimo. Ni kama maji yaliyo kwenye beseni chini, na wewe unataka yaingie kwenye pipa lililo juu ya nyumba. Maji yako, lakini inaomba kitu cha kuyapandisha.

Mwizi wa joule

Hicho kitu cha kupandisha, mafundi wa Ulaya wanakiita "mwizi wa joule". Joule ni kipimo cha nguvu, na huyu mwizi anaiba zile joule za mwisho ambazo radio iliziacha. Mwezi wa 11 mwaka 1999, gazeti la Uingereza la elektroniki, Everyday Practical Electronics, lilichapisha mchoro wake ulioletwa na Z. Kaparnik: ledi nyeupe inawaka kwa pile moja. Kanuni yenyewe ni ya zamani kuliko hapo, lakini mchoro ule ulikuwa mwepesi hivi kwamba ulienea dunia nzima.

Vipande vyake vinapatikana kwenye vyombo vilivyokufa. Inaomba tranzista moja ndogo ya aina ya NPN, kama BC547 ao C945, ambazo zimejaa ndani ya radio za zamani. Inaomba rezistansi moja ya kilo-om 1, yenye mistari ya rangi kahawia, mweusi na mwekundu. Ledi moja nyeupe, hata ya toshi iliyovunjika. Waya mbili nyembamba za rangi mbili, kama sentimeta 40 kila moja. Na pete moja ya feriti, ile pete ya kijivu ambayo sumaku inaivuta. Iko ndani ya ampuli za ekonomi, ndani ya alimentasiyo ya ordinatere, na kwenye vyombo vingine vingi.

Neno moja juu ya ampuli za ekonomi. Ile tyubu ya kioo ina zebaki ndani, haifai kuvunjwa, na hasa haifai kuvunjwa nyumbani. Tena kondensateri yake kubwa inaweza kubaki na volti karibu 300 hata kisha kutolewa ukutani. Fundi anaigusisha kwanza na rezistansi ili iishe, ndipo anaingiza vidole. Mtoto asifungue ampuli ile peke yake.

Kazi inaanza na pete. Waya mbili, tuseme nyekundu na kijani, zinashikwa pamoja na kupitishwa ndani ya pete mara 10 hivi, kwa kuelekea upande mmoja. Mwisho wa kazi kuna ncha nne: mbili za kuanzia, mbili za kumalizia. Ncha ya kuanzia ya nyekundu inafungwa pamoja na ncha ya kumalizia ya kijani, na zile mbili zilizofungwa zinaenda kwenye plusi ya pile. Hapo ndipo watu wengi wanakosea, wanafunga za kuanzia zote mbili pamoja, na taa haiwaki kamwe. Ncha nyekundu iliyobaki inaenda kwenye rezistansi, na rezistansi kwenye mguu wa tranzista unaoitwa bezi. Ncha ya kijani iliyobaki inaenda kwenye kolekta. Mguu wa tatu, emita, unaenda kwenye minusi ya pile. Ledi inawekwa kati ya kolekta na emita: mguu mrefu kwenye kolekta, mfupi kwenye emita.

Kwa BC547, ukiangalia uso wake bapa, miguu ikiwa chini, toka kushoto ni kolekta, bezi, emita. C945 iko na mpango mwingine, emita, kolekta, bezi. Ni vizuri kupima na mita kuliko kukisia. Kama yote iko sawa na ledi haiwaki, geuza ncha mbili za waya moja tu, ya kijani ao ya nyekundu. Mara nyingi inawaka palepale.

Namna inafanya kazi si uchawi. Tranzista inafungua njia, umeme wa pile unaingia kwenye waya wa pete, na pete inageuka sumaku kidogo kidogo. Kisha tranzista inafunga njia kwa ghafla. Fikiri mtu anayeshuka na baiskeli, mfuko wa makala umefungwa nyuma vibaya. Akishika breki kwa ghafla, mfuko unaruka mbele na kumpita. Umeme ndani ya waya unafanya vilevile. Hautaki kusimama, unaruka na volti za juu kuliko zile za pile, na pahali pa kutokea ni kwenye ledi peke yake. Ledi inawaka kitambo kidogo sana, inazimika, na tranzista inafungua tena. Hayo yote yanatokea mara maelfu mengi kwa sekunde moja. Jicho haliwezi kuona kuzimika, linaona mwanga usiokatika.

Mwizi huyu anaendelea kunywa mpaka pile inashuka karibu volti 0,6. Chini ya hapo tranzista ya kawaida haiamki.

Faida yake ni kiasi gani? Inafaa kusema wazi. Mwanga unapungua kadiri pile inashuka, na sehemu ya nguvu, wakati moja moja hata nusu, inapotea kwenye tranzista na waya. Pile ndogo iliyokataliwa na radio inaweza kutoa masaa machache ya mwanga. Pile kubwa, ile nene ya toshi, inatoa usiku kadhaa. Ni mwanga wa kuona choo, wa kumpa mtoto dawa, wa kusoma daftari ikiwa taa iko karibu kabisa na ukurasa. Chumba kizima hauwezi kukiangaza. Na telefone haichajiwi na hii kitu. Anayesema inachaji hajapima.

Na umeme ulio hewani?

Ukishaona pile iliyokufa inawasha taa, ni rahisi kuamini hadithi nyingine. Kuko watu wanaonyesha kwenye telefone video za antena ya waya inayochaji simu kutoka hewani bila jua wala pile, na wengine wanauza vijisanduku. Kweli, hewani kuko nguvu. Kila radio ya mji, kila antena ya telefone inarusha mawimbi, na mawimbi ni nguvu. Shida ni hesabu.

Chukua radio moja ya mtaa yenye mtambo wa wati 500. Hizo wati zinatawanyika pande zote. Ukisimama kilometa 1 kutoka antena, kwenye kila meta mraba ya hewa zinapita karibu mikrowati 40, na mikrowati 1 ni sehemu moja ya milioni ya wati. Ukienda kilometa 5, hazifiki hata mikrowati 2. Hata ukizidisha mara mbili ao tatu juu antena inaelekeza nguvu upande wa watu, bado ni kidogo mno.

Tuseme fundi hodari anafaulu kukusanya mikrowati 10 usiku na mchana bila kupoteza kitu. Batri ya telefone ndogo ya kubonyeza inabeba karibu wati-saa 3,8. Kuijaza kwa mikrowati 10 kunaomba masaa 380 000. Hiyo ni miaka 43. Mtoto aliyezaliwa siku umechomeka ile simu atakuwa baba wa watoto mbele ya simu kujaa.

Kwa hesabu ileile mtu anaweza kupima habari kubwa zaidi. Mvumbuzi wa Zimbabwe, Maxwell Chikumbutso, amejulikana sana kwa gari analosema linatembea kwa nguvu ya mawimbi ya radio, na mwaka 2025 video zake zilizunguka Afrika nzima. Gari dogo la umeme linakula karibu wati-saa 150 kwa kilometa 1. Kwa mikrowati 10, kilometa hiyo moja inaomba miaka 1 700. Anayetaka kuaminiwa inafaa aonyeshe nguvu nyingine inatoka wapi, na wengine wapime.

Congo nayo ilipata yake. Mwezi wa kwanza mwaka 2023 kulizunguka video za mawe yaliyosemwa ni ya hapa kwetu, yakigusana yanatoa cheche na kuwasha ledi. Watu walifurahi, wengine walianza kuuliza bei. Wataalamu wa fizikia na wa madini waliotazama video walieleza kama jiwe lenye metali ndani linaweza kupitisha umeme sawa vile waya inapitisha. Haliwezi kuutengeneza, umeme ulitoka pahali pengine pasipoonekana. Katika jimbo kama Ituri, pahali mtu akichimba anapata kweli dhahabu, hadithi ya jiwe la umeme inaingia masikioni haraka. Mtu akileta jiwe la namna ile kuliuza, mwambie aliweke juu ya meza peke yake, bila mkono na bila waya zake, kisha upime na mita yako.

Kuko kazi moja tu ambayo mawimbi yanaifanya bila pile, nayo ni kusema kwenye sikio. Mwaka 1874 Mjerumani Ferdinand Braun aliona kama jiwe la galena, lenye risasi ndani, likiguswa na ncha ya waya linapitisha umeme upande mmoja tu. Juu ya hilo watu walijenga radio ya kwanza isiyo na pile: waya mrefu juu ya mti, waya wa pili ardhini, koili, lile jiwe, na kisikilizio. Mwaka 1944, askari wa Marekani waliokuwa kule Anzio, Italia, walitumia wembe na risasi ya kalamu pahali pa jiwe. Leo diodi ndogo ya jermanyumu inafanya kazi ileile. Sikio la mtu linasikia nguvu ndogo ajabu, ndiyo maana mikrowati chache zinatosha.

Lakini radio hiyo inasikia mawimbi ya AM. Wazee wa Bunia wanakumbuka Radio Candip kwenye mawimbi mafupi, kilohezi 5066. Mtambo wa namna ile, kwa aliye karibu na antena, ungeweza kusikika bila pile. Leo radio za mji ziko karibu zote kwenye FM, na radio ya jiwe haiwezani vizuri na FM. Tena visikilizio vya telefone za sasa havifai moja kwa moja, vinaomba nguvu nyingi. Kwa mwalimu wa fizikia bado ni somo zuri sana. Kwa nyumba inayotafuta habari za usalama usiku, si suluhisho.

Pahali nguvu iko kweli

Jua la mchana, likiwa wazi, linaleta karibu wati 1 000 kwenye meta mraba moja. Kipande cha pano cha sentimeta 10 kwa 10, upana wa kiganja, kinaweza kutoa karibu wati 1,5. Hiyo ni mara 150 000 ya zile mikrowati 10 za hewani. Masaa manne ya jua kali yanatoa wati-saa 6, na simu ndogo inajaa.

Ndiyo maana mafundi wanafaa kutazama vizuri taa ndogo za jua za bustani zilizotupwa. Mara nyingi pano yake ni nzima na ledi ni nzima. Kilichokufa ni pile yake ya kuchaji ya volti 1,2. Ndani kuna kipande cheusi cha miguu minne, kimeandikwa QX5252F ao YX8018. Hicho kinafanya kazi ya mwizi wa joule, kimeshatengenezwa tayari kiwandani. Pile ya kuchaji ikibadilishwa, taa inafufuka. Isiwekwe pile ya kawaida pale, juu jua litajaribu kuichaji na itavuja ao kupasuka.

Dinamo ya baiskeli nayo inasahauliwa. Ile ya kawaida inatoa volti 6 na wati 3 mtu akienda mbio. Kule Malawi, William Kamkwamba, akiwa na miaka 14, kisha njaa ya mwaka 2001 na 2002, alichukua dinamo ya baiskeli, fani ya trakta iliyokufa na plastiki ya mabomba, akajenga mtambo wa upepo kijijini kwao, wilaya ya Kasungu. Uliwasha taa nyumbani na kuchaji simu za majirani. Alikuwa ameacha shule kwa kukosa pesa, na alijifunza katika kitabu cha maktaba ya shule ya msingi.

Kitu kingine chenye nguvu kubwa, tena chenye hatari kubwa, ni batri za ordinatere zilizoharibika. Ndani ya batri moja kuna vikopo sita ao zaidi, na mara nyingi ni kimoja ao viwili tu vimekufa. Kikopo kimoja kizima kinawasha ledi wiki nzima. Lakini hii ni lityumu, si sinki. Haifai kupita volti 4,2 wakati wa kuchaji, na iliyoshuka chini ya volti 2,5 kwa muda mrefu iachwe. Ichajiwe na kadi ndogo ya TP4056 yenye ulinzi, inayopatikana kwa wauzaji wa vipande vya telefone, isiunganishwe kamwe moja kwa moja na sharjeri ya simu ao pano. Ikigongwa, ikitobolewa ao waya zake zikigusana, inaweza kuwaka, na moto wake hauzimiki kwa kikombe cha maji. Iliyovimba ao inayopata joto bila kazi itolewe nje ya nyumba, iwekwe juu ya mchanga, mbali na turubai.